Fundo Langu Kwenye Lori la Magendo

Kama gazeti la wiki jana ulifungia sabuni, sikulaumu, maisha yamekuwa magumu. Kaa hapa nikuunganishe upesi.

Mimi ni fundi kamba. Kazi yangu kwenye yadi ya malori, hapa mpakani, ilikuwa kufunga turubai na kamba juu ya mizigo isianguke njiani. Siku moja jirani zetu wa upande wa pili wakajitoa kwenye umoja wa biashara. Tukacheka, tukasema shauri yao. Kumbe shauri yao ilikuwa yetu sote. Malori makubwa yakaacha kuja, yadi ikafa, matumbo yakabaki. Bidhaa zikaanza kuvuka kwa njia za panya, na sisi wa yadini tukala kiapo kwamba yeyote atakayeonekana kusaidia magendo tutamtenda kama mwizi. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kupanda juu.

Aliyetulisha kiapo kile ni nyapara wetu, jina la kazini Tingatinga. Usisahau kwamba huyo Tingatinga ni kaka wa mke wangu. Shemeji yangu wa damu.

Wiki jana niliishia barabarani. Tumepanga magogo, lori dogo limesimama, dereva amevutwa nje kwa kola, na mimi nimekodolea macho kona ya nyuma ya lori lile. Nilichokiona pale ni fundo langu.

Sasa twende.

Huenda unasema fundo ni fundo tu. Kwetu siyo. Yadini kila fundi kamba ana fundo lake. Mzigo ukimwagika njiani, watu wanaangalia fundo, wanajua nani alilifunga, na huyo ndiye anayejibu. Kuiga fundo la mwenzako ni kumtafutia kesi, na watu wameng'olewa meno kwa hilo. Mimi nazungusha mara mbili chini ya ndoano, natoa kitanzi upande wa kushoto, halafu mkia nauficha ndani upepo usiuchezee. Duniani tulioweza kulifunga ni wawili tu, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemfundisha mwenyewe enzi zile kazi ilipokuwa kazi.

Basi pale barabarani dereva alikuwa anakiona cha mtema kuni. Mpakizi mmoja tunayemwita Kifua alimpiga kichwa cha pua, pua ikalala upande. Dereva akapiga magoti, akaanza kusema kwamba yeye ameajiriwa tu, lori si lake, mafuta si yake. Teke likamkuta mdomoni akiwa katikati ya neno. Watu wakamzunguka, kila mtu anataka na yeye aonekane amegusa.

Mtu akanisukuma mgongoni, akanitania kwamba fundi kamba leo amekuwa bibi harusi, haya naye aweke mkono. Nikaweka. Nilikuwa na kipande cha bomba, nikampiga dereva mgongoni, na alipogeuka kuniangalia nikamwona ananijua. Alikuwa amekaa usukanini asubuhi ile ile wakati mimi nafunga mzigo wake.

Nikampiga tena ili asiseme. Ndiyo, umesoma vizuri. Niliogopa mdomo wake kuliko nilivyomwonea huruma.

Sasa utauliza nilifikaje kwenye mzigo wa magendo mimi niliyekula kiapo. Nilifikishwa na njaa, lakini njaa yenyewe ilikuja kwa kuzunguka.

Jirani alipojitoa, mwanzoni tulineemeka. Lori la kwao halikuruhusiwa tena kuingia kwetu, la kwetu halikuruhusiwa kuingia kwao, kwa hiyo kila mzigo ulibidi ufaulishwe hapa hapa yadini, yaani ushushwe kwenye lori la huku upandishwe kwenye la kule. Tulibeba mpaka mabega yakachubuka. Tingatinga alinunua kitanda kipya cha chuma. Kuna watu walikuwa wanamwomba Mungu jirani asirudi kundini, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Halafu ushuru ukapanda, wao wakatupandishia, sisi tukawapandishia. Kiwanda cha sabuni kilichokuwa kinauza zaidi ng'ambo kikapunguza watu, kisha kikafunga lango kabisa. Wakulima wa vitunguu waliozoea kuuza kule wakaleta vyote kwenye soko letu, bei ikaanguka, vitunguu vikaoza kandokando ya barabara na mji mzima ukawa unanuka. Mafuta ya kupikia yalikuwa yanatoka kwao, sasa unakwenda dukani na kikopo, unapimiwa kidogo, unaambiwa shukuru. Mawakala wa forodha wakang'oa vibao vyao. Mama aliyekuwa anatuuzia chakula langoni akahama na masufuria yake bila kuaga. Hata wabadilisha fedha, wale waliokuwa wanatembea kama wameumbwa siku ya Jumapili, walianza kutuomba sigara sisi makuli.

Nyumbani kwangu mke wangu aliuza meza, tukawa tunakula sakafuni. Akauza makochi. Alipoanza kukiangalia kitanda, nikajua tumefika.

Ndipo alipokuja mtu mmoja wa njia za panya. Alitaka fundi, kwa sababu madebe ya mafuta yanateleza na wapakizi wake walikuwa hawajui kamba. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye tanuri la matofali lililoachwa, asubuhi, wakati wenzangu wamelala chini ya malori yasiyokwenda popote. Nikakubali. Nikajiapiza kitu kimoja tu, kwamba sitafunga fundo langu. Nitafunga la mtu yeyote, lile la kufungia mbuzi.

Na kweli kona tatu nilifunga la mbuzi. Kona ya nne ndiyo inayobeba uzito wote lori likishuka mteremko wa darajani, pale penye watu wanaofua. Nikavuta fundo la mbuzi, likalegea. Nikalikaza, likalegea. Nikaona madebe yale yakimwagikia wanawake na watoto wao. Nikasema potelea mbali, kona moja, nani ataangalia? Mkono ukafanya ulichozoea. Ningekuwa mvivu kidogo tu, leo usingekuwa unasoma habari hizi.

Haya, turudi barabarani.

Tingatinga alimwacha dereva mikononi mwa watu akaanza kulizunguka lori taratibu, kama nyapara anavyokagua mzigo kabla haujaondoka. Kona ya kwanza akapita. Ya pili akapita. Alipofika kona ya nne akasimama, akalishika fundo kwa vidole viwili, akalifuata mkia ulikofichwa, akauvuta nje kidogo, akaurudisha.

Kisha akainua macho akanitazama.

Nilifikiria kukimbia. Niliwaza watoto wangu wataambiwa nini. Tingatinga akanitazama, akamtazama dereva aliyelala kwenye vumbi anakohoa damu, akawatazama watu wake. Halafu akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu.

"Hili ni la mdogo wake fundi kamba. Yule fundi pancha."

Kukawa na mngurumo. Mtu mmoja aliuliza kama haliwezi kuwa la kaka mtu mwenyewe. Tingatinga akamjibu kwamba mimi nilikuwa naye yadini tangu kumekucha, tumekunywa chai kikombe kimoja. Uongo wa mchana kweupe, na kila mtu aliusikia, na tuliojua kuwa ni uongo ni mimi na yeye tu.

Na mimi, msomaji wangu, nikanyamaza.

Kilichowachelewesha kumfuata mdogo wangu ni mafuta. Wale wale waliokula kiapo cha kukomesha magendo walirukia madebe wakaanza kuyakimbiza majumbani, begani, kichwani, wengine wameyakumbatia. Debe moja likapasuka, lami ikajaa mafuta, watu wakateleza wakaangukiana, kisha wakapigana kwa sababu ya kuangukiana. Nilimwona mzee mmoja wa heshima zake anamng'ata mwenzake sikio, debe liko katikati yao. Dereva alitambaa mpaka mtaroni. Kifua akawasha kiberiti, lori likashika moto, na moshi mweusi ukatanda mpaka hatukuonana.

Nikaingia kwenye ule moshi nikatokea upande wa pili, nikakata mbio.

Mdogo wangu alikuwa na kibanda cha kuziba pancha nyuma ya ukuta wa yadi. Yadi ilipokufa na tairi zikafa, lakini hakukifunga. Alikuwa analala humo juu ya mipira ya ndani ya tairi, akisubiri lori lolote lipotee njia. Hajaoa. Nilikuwa namtania kwamba ataoa siku lori litakapomzalia binti.

Nilimkuta amekaa anakunywa maji kwa kikombe cha bati.

"Toka," nikamwambia. "Pita nyuma, nenda kwa shangazi, usirudi mpaka nikuite."

"Kuna nini?"

"Wanakuja kukuua."

Akacheka. "Mimi? Nimemtobolea nani tairi?"

Ningemdanganya hapo. Ningesema nyumba ya shangazi inaungua, ningesema chochote, angeondoka na viatu mkononi. Lakini nilikuwa nimebeba ule ukweli tangu barabarani na ulikuwa unanichoma, nikautua pale pale. Nikamweleza habari ya lori, mafuta, kona ya nne, na neno la Tingatinga. Alisikiliza ameshika kikombe chake. Akasema kwamba yeye hajagusa kamba tangu yadi ife. Nikasema najua. Akaanza kuuliza sasa ni nani, na katikati ya swali akaacha.

Ngumi ilinikuta mdomoni kabla sijaiona. Jino moja likaniingia kooni.

"Na ulipomsikia ananitaja," akaniuliza, "wewe ulisema nini?"

Nikamwambia atoke kwanza. Hapo ndipo alipoamua kunipiga kweli. Tulishikana, tukaangusha tairi, tukaangukia kwenye beseni la maji, akanikalia kifuani akinipiga huku analia. Mdogo wangu ana mikono ya kubandua tairi, si mikono ya mchezo. Mimi sikumrudishia sana. Nilikuwa namshika tu, namwambia toka, na yeye ananiambia nyamaza.

Tukacheleweshana hapo hapo. Nilisikia miguu ya watu, nikamzungusha ili nimsukume mlango wa nyuma, na ndivyo walivyotukuta. Mimi nimemshika kiuno, yeye anafurukuta.

Wakanishangilia. Wallahi walinishangilia. Walidhani nimewakamatia mtu wao. Kifua alinibeba juu akawaambia watu waone mwanamume, anayeshika kiapo hata kwa damu yake. Nilipiga kelele kwamba sivyo, mdomo umejaa damu, na wao wakaona ni hasira.

Walimburuta mpaka yadini, kwenye nguzo ya chuma karibu na mizani ya malori. Wakamfunga mikono kwa kamba iliyokuwa inaning'inia pale tangu siku za kazi. Kila aliyefukuzwa kiwandani alimpiga. Kila aliyeozewa vitunguu alimpiga. Wakala mmoja wa forodha, bado amevaa tai, alimpiga kwa kiatu chake alichokivua. Walimuuliza nani alimlipa, nani wenzake, mafuta yanafichwa wapi. Angesema neno moja tu, jina langu, wangemwacha wakanigeukia. Hakulisema. Alikuwa anasema hajui.

Kifua akachukua mtalimbo wa kukazia kamba, ule ule niliokuwa nautumia kila siku, akampiga mguu chini ya goti. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mdogo wangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kwa mnyama.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikapanda juu ya tofali nikasema kwa nguvu.

"Ni mimi niliyefunga lile lori. Fundo ni langu. Mwacheni."

Mtu akacheka, na wengine wakafuata. Wakasema damu ni nzito, kaka mtu anataka kujitwika mzigo. Wakala wa forodha akafuta machozi, nafikiri alikuwa ameguswa kweli. Nikaanza kueleza kona ya nne, tanuri, fundo la mbuzi. Tingatinga akaja akanishika nyuma ya shingo, akanisukuma mpaka kwenye chumba cha mizani, akafunga mlango kwa kisigino.

Mle ndani vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Hakuna lori lililopimwa kwa siku nyingi. Tingatinga alinibana ukutani kwa kiwiko mpaka pumzi zikanikata.

"Ukirudia tena wataanza kukuamini," akaniambia.

"Waamini. Ni kweli."

"Kwani mimi sijui ni kweli? Mdogo wako hajawahi kukaza fundo namna ile. Nilijua pale pale."

"Basi mwachie, shemeji. Nakuomba."

"Nimwachie, niwape nani?" Hakupaza sauti. "Wale wameonja damu. Hawana kazi, hawana chakula, hawawezi kumpiga jirani aliyejitoa, hawawezi kumpiga waziri. Wanataka mtu. Nikiwapa wewe, dada yangu mjane, watoto wenu juu yangu, na mimi mwenyewe jana nimeuza kile kitanda. Mdogo wako hana mke, hana mtoto. Nitajaribu abaki hai."

"Utajaribu?"

Alinizaba kofi lililonigeuza uso. Alikuwa anaongea nami kama anapanga mzigo, cha kuvunjika juu, kigumu chini, na kibaya zaidi ni kwamba hesabu yake nilikuwa naielewa. Nimekula kwa mtu yule. Alinipa kazi, alinipa dada yake, watoto wangu wanamwita mjomba na wanampanda mgongoni. Hakuwa anafanya ukatili kwa kupenda. Alikuwa ananiokoa, na nilimchukia.

Mlango ukagongwa. Kifua na wenzake walikuwa nje, na nyuso zao zilikuwa zimebadilika. Walikuwa wamekaa wakafikiri kidogo, na watu wa namna ile wakifikiri ni hatari. Wakamwambia Tingatinga kwamba kelele za fundi kamba zimewatia wasiwasi. Kama hahusiki, athibitishe. Aliyemfundisha mdogo wake fundo ndiye ammalizie, hapo watajua yuko upande gani.

Tingatinga akawatazama mmoja mmoja. Nilimwona anatafuta pa kupitia na hapaoni. Akachukua mtalimbo mkononi mwa Kifua, akanipa. Ulikuwa na utelezi wa damu.

Tukatoka naye bega kwa bega. Watu wakafungua njia. Aliniambia chini chini, bila kunitazama:

"Pigo moja. Mguu wa pili. Halafu natangaza yamekwisha, tunamtoa nje ya lango. Ukikataa watawamaliza nyote wawili, na mimi siwezi kuwazuia."

Na hakuwa ananitisha. Ilikuwa hivyo hivyo.

Mdogo wangu alikuwa ameteleza kwenye nguzo amekaa chini, mguu mmoja umeangalia pasipostahili. Jicho moja limefumba kwa uvimbe. Lile jingine liliniona nakuja, likaona mtalimbo. Alipumua kwa shida, akajilamba midomo.

"Kaka," akasema, "usipige huu uliovunjika. Piga ule mwingine."

Basi. Hakunitukana. Hakuniuliza kwa nini. Alikuwa ameshakubali kwamba mimi nitampiga, na alichoomba ni kuchagua mguu. Yaani hivyo ndivyo mdogo wangu alivyokuwa ananijua kufikia saa ile, na alikuwa na kila sababu.

Nikainua mtalimbo. Nyuma yangu mtu akaanza kuhesabu, wengine wakaitikia. Tingatinga alikuwa amesimama kushotoni kwangu, karibu kabisa, amegeuza uso pembeni ili asione. Nafikiri hakutaka kuona mfupa wa pili.

Sikupanga. Ukiniuliza mahakamani nitasema hivyo hivyo, sikupanga. Mtalimbo ulishuka, lakini haukushukia mguu wa mtu yeyote. Ulimkuta Tingatinga juu ya sikio. Alinigeukia nusu, kama mtu aliyeitwa na mtoto, kisha akaenda chini kwa uzito wake wote na kisogo kikagonga bamba la chuma la mizani.

Hesabu ikakatika. Hakuna aliyesogea. Siku zote yule aliyelala chini ndiye aliyekuwa anawaambia wasogee lini.

Nikapiga magoti nikamfungua mdogo wangu mikono. Fundo lilikuwa limekaza, nikaivuta kamba kwa meno. Akaniangukia begani, na nikamsikia anarudia kwamba hawezi kusimama, kaka, hawezi kusimama.

Hapo ndipo watu wa langoni walipoanza kupisha. Aliyekuwa anapita katikati yao ni mke wangu, miguu pekupeku, anahema. Alikuwa amesikia mjini kwamba shemeji yake amekamatwa, akakimbia njia nzima aje amwombee kwa kaka yake. Kaka yake hajawahi kumnyima kitu tangu wakiwa watoto. Alikuwa anakuja tayari anaita jina lake la nyumbani, lile ambalo sisi wa yadini hatuthubutu kulitumia.

Akamwona.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye mizani, akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikandamiza juu ya sikio la kaka yake. Kikalowa papo hapo. Akaweka sikio lake kwenye kifua cha kaka yake akasikiliza, na alisikiliza muda mrefu, na sote tulikuwa tunamtazama uso tujue. Uso wake haukutuambia kitu.

"Nani?" akauliza, bado ameinama.

Watu wote wale waligeuza macho yao kwangu, na yeye akayafuata yalikoelekea, taratibu, akaona magoti yangu, akaona mtalimbo ulio karibu na mkono wangu, akamaliza kwenye uso wangu. Nikafungua kinywa nimweleze. Kona ya nne, njaa, kitanda chetu, vyote vikanijia kwa pamoja na sikupata pa kuanzia.

Nyuma yake Kifua alikuwa ameshaokota gogo.

"Kimbia," mke wangu akasema.

Sikujua ananiambia kama mke wangu au kama dada wa Tingatinga. Nilisimama nikimbie, mguu haukutoka. Mdogo wangu alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili.